Mlinzi wa Jirani na Mpaka wa Uwezo Wake: Habari za Ulinzi katika Kajiado na Kitengela

Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita, baada ya mtunza hazina kusoma hesabu na kabla ya chai kuletwa, mzee mmoja wa nyumba kumi alisimama akauliza swali ambalo halikuwamo katika orodha ya shughuli. Alisema, "Nikimwona mtu usiku anavunja duka la jirani, nikamkamata, nina haki gani juu yake? Na ikiwa nimekosea, ni nani atakayesimama pamoja nami?" Wanachama waliohudhuria watakumbuka kwamba swali lile lilijibiwa na watu wengi kwa mara moja, na kila mmoja alijibu lake. Mmoja alisema mzee wa nyumba kumi ni askari wa Serikali asiyevaa sare. Mwingine akasema la, ni mtoa habari tu, wala hana ruhusa kumgusa mtu. Wa tatu, ambaye ni mtu mzima sana, akashikilia kwamba ana uwezo wote aliokuwa nao chifu wa zamani. Mwenyekiti alipoona chai inapoa, alituagiza sisi wa ofisi ya karani tutafute habari za jambo hili tangu mwanzo wake, tuziandike katika kitabu hiki.

Basi haya ndiyo tuliyoyapata. Sisi si mawakili, wala maandishi haya hayawezi kuchukua mahali pa ushauri wa wakili. Lakini twaamini kwamba swali la mzee wetu lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na ya kwamba kila Serikali iliyopita hapa imemtaka mtu wa karibu na wenzake ailinde amani, huku mara nyingine ikimpa uwezo kupita kiasi, na mara nyingine ikimwachia kazi bila uwezo wo wote.

Kabla ya kuja Waingereza, nchi hii ya Kaputiei, yaani nyanda za Kitengela, Isinya na pande za Kajiado, haikuwa na polisi wala gereza. Wamasai walitawaliwa kwa rika. Kila rika lilikuwa na msemaji wake, olaiguenani, ambaye alishika rungu nyeusi kuwa alama ya kazi yake. Mtu huyu hakuwa na askari wa kumtii. Aliitisha baraza, akasikiliza, akasema neno lake mwishoni, na neno hilo lilikuwa na nguvu kwa sababu rika zima lilikuwa limekubaliana nalo. Mkosaji alitozwa ng'ombe, na aliyekataa kulipa alijikuta amesimama peke yake mbele ya watu wote wa umri wake. Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa chema siku hizo. Wazee wanaojua historia wanajua pia habari za vita na za kunyang'anyana mifugo. Twasema tu kwamba mlinzi wa amani alijulikana, na mpaka wa uwezo wake ulijulikana na kila mtoto.

Serikali ya Kiingereza ilitafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye, ikamtambua Lenana kuwa mkuu wa Wamasai. Lenana alikuwa laiboni, mtu wa dua na uaguzi, wala mila haikumpa kazi ya kukamata watu. Kwa mapatano ya mwaka 1904, na tena ya mwaka 1911, Wamasai walihamishwa na kukusanywa, hata wengi wao wakawekwa katika Rizavu ya kusini, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Kajiado na Narok za leo. Wakati huo huo sheria ziliandikwa. Ya mwaka 1902 iliweka wazee wa vijiji wa Serikali, ikawapa wajibu wa kutunza amani, kusafisha njia na kusikiliza mashauri madogo. Ya mwaka 1909 iliruhusu kuadhibiwa watu wa mahali pamoja kwa kosa la mmoja wao. Ya mwaka 1912 iliongeza uwezo wa wazee hao, hata wakaweza kutoa amri juu ya pombe, silaha na kazi za lazima, na asiyetii akaadhibiwa.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipoingia. Olaiguenani alichaguliwa na wenzake akawasemea mbele ya wengine. Mzee wa Serikali aliwekwa na Bwana D.C., akaondolewa na Bwana D.C., na yeye ndiye aliyemsemea Bwana D.C. mbele ya watu. Si ajabu kwamba mambo yalikuwa magumu. Katika nchi ya Wamasai wamorani walipambana na Serikali mwaka 1918, tena mwaka 1922, na tena mwaka 1935, kwa sababu za kuandikishwa kwa nguvu, za kuvunjwa desturi za umorani, na za kufanyishwa kazi ya barabara. Mara zote mzee wa Serikali alijikuta katikati. Wakubwa wake walimdai vijana, na vijana walimwona kuwa amewauza. Twaona huruma kwa watu hao. Wengi wao hawakuwa wabaya. Walipewa amri tu, bila ya kupewa imani ya watu wao.

Mzee wa Serikali hakuweza kufanya kazi bila watu wa kumsaidia. Mwanzoni walikuwa watumishi wa machifu na wa ma-D.C., wenye fimbo na barua. Mwaka 1929 ilitoka sheria ya kuwapanga, wakaitwa Polisi wa Kabila. Wananchi waliwaita askari kanga, na jina hilo wazee wetu wanalikumbuka vizuri. (Juu ya asili ya jina hili tumesikia maelezo zaidi ya moja, na kila mwenye maelezo yake ni mkali, basi hatutaingia katika ugomvi huo.) Polisi wa Kenya, ambao ni jeshi lingine, walikaa zaidi mijini, penye reli na katika mashamba ya walowezi. Katika rizavu, mtu aliyeibiwa ng'ombe alimwendea chifu, na chifu alimtuma askari kanga kufuata nyayo. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya kuwa na polisi wa namna mbili katika nchi moja: mmoja wa sheria na mmoja wa utawala. Mwaka 1958 Polisi wa Kabila walibadilishwa jina, wakawa Polisi wa Utawala, lakini bado walikuwa chini ya D.C. na chifu.

Hatuna budi kutaja pia miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, ingawa mambo yake makubwa yalitendeka kwa jirani zetu wa Kikuyu, Embu na Meru. Huko Serikali iliunda kikosi cha raia, wanaojulikana hata leo kwa jina la hom-gadi. Hao walikuwa watu wa kijiji kile kile walichokilinda. Walipewa bunduki na mikuki, wakapewa uwezo wa kukamata jirani zao, na hesabu ya matendo yao haikudaiwa ipasavyo. Mwezi Januari mwaka 1955 Serikali ilitangaza msamaha wa pande mbili: kwa wapiganaji wa msituni ambao wangejisalimisha, na kwa hom-gadi pia kwa makosa waliyokuwa wameyafanya. Msomaji aufikirie msamaha huo kwa makini. Serikali haitoi msamaha mahali ambapo hakuna kosa. Baadaye kikosi kile kilivunjwa, na baadhi ya watu wake wakaingizwa katika Polisi wa Kabila.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, bendera ikabadilika, lakini sheria ya uwezo wa machifu, ambayo ilikuwa imeandikwa upya mwaka 1937, ilibaki mezani. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 baada ya Uhuru, chifu aliweza kuamuru watu watoke kwenda kazi ya pamoja, kuzuia mikutano na kuwakamata watu kwa makosa ya kutotii amri zake. Wengi wetu tuliozaliwa katika miaka hiyo tunakumbuka jinsi mama zetu walivyonyamaza waliposikia kwamba chifu anapita. Machifu wema walikuwako, na katika Kajiado wako waliopatanisha koo zilizogombea maji na malisho kwa hekima isiyoandikwa katika sheria yo yote. Lakini wema wa mtu si sheria, na mtu akihamishwa, wema wake huondoka naye. Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi mkuu, wabunge wa vyama vyote walipatana kuibadili sheria hiyo. Neno "uwezo" liliondolewa hata katika jina lake, na nguvu za chifu zikapunguzwa sana. Kwa hiyo yule mwanachama aliyesema kwamba mzee wa nyumba kumi ana uwezo wa chifu wa zamani amekosea mara mbili: mzee wa nyumba kumi si chifu, na chifu mwenyewe hana tena uwezo ule.

Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ziliweka Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Mwaka 2018 zaidi ya Polisi wa Utawala 24,000 walihamishiwa katika kazi za kawaida za polisi. Jambo hili lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana. Tangu mwaka 1929 chifu alikuwa na askari karibu naye. Sasa anapomhitaji askari, aghalabu humpigia simu mkuu wa kituo kama sisi sote. Machifu na manaibu wao wamebaki katika Sheria ya Uratibu wa Serikali ya Taifa ya mwaka 2013, na chifu anaendelea kuitisha baraza. Lakini mzee wa mtaa, ambaye ndiye anayeamshwa usiku wa manane watu wanapogombana, kwa miaka mingi amefanya kazi bila mshahara.

Sasa tuje kwenye mji wetu. Kitengela ya leo si ile ya malisho ambayo wanyama wa mbugani waliipitia kutoka hifadhi ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946. Sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu Wamasai kumiliki ardhi kwa vikundi, na ranchi ya kikundi ya Kitengela ikawa mojawapo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi hiyo iligawanywa, kila mwenye haki akapata kipande chake, na vipande vikaanza kuuzwa. Sheria ya mwaka 1990 ilileta viwanda vya kuuza nje huko Athi River, na wafanyakazi wakatafuta vyumba vya kupanga upande huu wa kaunti. Noonkopir, ambayo hapo kwanza ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, ilimezwa na mji. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya mwaka 2019 ilipata 1,117,840. Ongezeko hilo ni la zaidi ya watu 430,000 katika miaka 10, na sehemu kubwa ya watu hao walishuka kutoka Nairobi wakitafuta kodi nafuu au ploti.

Tumeeleza habari hizi kwa urefu kwa sababu ulinzi wa jirani hutegemea jambo moja, yaani jirani kumjua jirani. Katika boma la Mmasai mgeni hujulikana kabla hajafika mlangoni, kwa maana mbwa, watoto na vumbi humtangulia. Katika jengo la ghorofa lenye milango 40, mtu aweza kukaa mwaka mzima bila kujua jina la anayelala ng'ambo ya ukuta wake. Wapangaji huhama mwisho wa mwezi. Vijana wa bodaboda hubadilika. Ng'ombe wa Kisaju na Korompoi wanalala karibu na nyumba za watu ambao hawajui kutofautisha mwenye ng'ombe na mwizi wa ng'ombe.

Mpango wa nyumba kumi ulikuja kwetu katika hali hiyo. Si mpango uliozaliwa hapa. Katika Tanganyika, baadaye Tanzania, chama cha TANU kilianzisha mabalozi wa nyumba kumi katika miaka ya 1960, na balozi yule alikuwa kiungo cha chama na wananchi. Kenya iliuchukua mpango huo baada ya shambulio la Westgate, jijini Nairobi, la tarehe 21 Septemba 2013, na Bw. Joseph Kaguthi, aliyekuwa mtumishi mkubwa wa utawala, aliwekwa kuuongoza. Wananchi waliambiwa wajuane, wachague mzee wao, na watoe habari za mambo wanayoyashuku. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Serikali ilikuwa imezindua ulinzi wa jamii, na sheria ya polisi ya mwaka 2011 ina sehemu nzima juu ya kamati za namna hiyo.

Tumeisoma sehemu hiyo zaidi ya mara moja. Inasema juu ya kushirikiana, kushauriana, kueleza shida za mahali na kutafuta dawa yake pamoja na polisi. Hatukuona neno linalompa mjumbe wa kamati uwezo wa kumkamata mtu, au wa kuingia nyumba, au wa kumhoji mtu kwa lazima, kuliko raia mwingine ye yote. Basi jibu la kwanza kwa mzee wetu ni hili: mbele ya sheria ya kukamata, mzee wa nyumba kumi ni raia. Daftari yake na filimbi yake hazimwongezei kitu.

Lakini raia naye si mtu bure. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, katika kifungu cha 34, inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi angeweza kumkamatia bila hati. Inamruhusu pia kumkamata mtu anayemshuku, kwa sababu za maana, kuwa ametenda kosa kubwa, yaani lile ambalo adhabu yake ni miaka 3 gerezani au zaidi. Wizi wa kawaida umo, na wizi wa mifugo, ambao adhabu yake yaweza kufika miaka 14, umo. Kwa hiyo mzee aliyemwona mtu akivunja duka aliweza kumshika, na yule aliyesema kwamba hana ruhusa kumgusa mtu amekosea pia.

Kifungu cha 35 ndicho kinachosahauliwa. Raia aliyemkamata mtu lazima amkabidhi kwa polisi bila kukawia pasipo sababu, na polisi asipokuwapo, ampeleke kwenye kituo kilicho karibu. Hapo ndipo uwezo wake unapokwisha. Hana ruhusa kumfungia stoo hadi asubuhi ili kamati ikutane. Hana ruhusa kumpiga ili aseme wenzake, wala kumvua viatu, wala kumtoza faini ya mbuzi, wala kuingia chumbani kwake kutafuta mali. Nguvu anayoitumia ni ile tu inayotosha kumzuia. Katiba, katika kifungu cha 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika saa 24, ila saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa ndipo hungojewa siku ya kazi inayofuata. Mzee anayemweka mtu nyumbani kwake anazitumia saa ambazo si zake, na yeye mwenyewe aweza kushitakiwa kwa kumfungia mtu isivyo halali.

Hayo si maneno ya vitabuni tu. Mwezi Agosti mwaka 2021, hapa hapa Kitengela, vijana wanne waliokuwa safarini kwa pikipiki walishikwa na umati wa watu waliodhani kuwa ni wezi wa mifugo. Waliuawa. Jamaa zao walieleza kwamba walikuwa wakitoka kwenye sherehe. Polisi walifanya upelelezi na watu kadhaa walikamatwa. Hatutaandika majina ya marehemu, maana wazazi wao wangali hai na huzuni yao ni yao. Tunaloweza kuandika ni kwamba kati ya kushikwa kwa vijana wale na kuuawa kwao palikuwa na nafasi ya kumpigia mkuu wa kituo simu, na nafasi ya kuwauliza watokako. Kama wangekuwa wezi kweli, sheria bado ingetaka wakabidhiwe. Na ikiwa palikuwa na wazee pale, basi ama hawakuwapo mbele, ama walisema wasisikilizwe. Sisi hatukuwapo, basi hatumhukumu mtu. Lakini tangu siku ile, wengi wetu tukisikia kelele za "mwizi" usiku huwa hatujui tuogope nini kwanza.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kumwongezea mlinzi wa jirani uwezo. Wanatoa mfano wa Tanzania, ambako Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi, na mwaka 1989 sheria ikawapa uwezo wa kukamata kama wa polisi. Mfano huo ni wa kweli, nasi tunaokaa kwenye njia ya Namanga tunawasikia jirani zetu wakiusifu. Lakini katika Kenya jina hilo hilo la sungusungu lilitumiwa huko Kisii na watu waliotoza fedha na kujeruhi, hata Serikali ikakiweka kikundi hicho katika orodha ya vikundi 33 vilivyopigwa marufuku mwaka 2010. Jina moja, matunda mbali mbali. Hatuoni kwamba nguvu zaidi zingewaokoa wale vijana wanne. Umati ule ulikuwa na nguvu nyingi mno.

Uingereza, ambako zilitoka sheria nyingi za machifu wetu, nayo ilikuja kuwa na swali hili. Sheria yake ya mwaka 2002 iliweka maofisa wa kusaidia polisi mitaani. Hao huvaa sare na hulipwa mshahara, lakini hawana uwezo wa kukamata wa konstebo. Aliyepewa uwezo wa kumzuia mtu humzuia kwa muda usiozidi dakika 30 akimngojea konstebo. Wananchi wengi huko wamelalamika kwamba watu hao ni sare tupu. Sisi tulipoisoma habari hiyo tuliona kwamba angalau mambo mawili yamekwisha andikwa kule: mlinzi anajua saa yake inaisha lini, na konstebo anajua anangojewa. Mzee wetu wa Kitengela hajui hata moja kati ya hayo. Amemshika mtu saa nane za usiku, amepiga simu, na anaweza kuambiwa kwamba gari halina mafuta. Hapo kila dakika umati unaongezeka, na sheria inamtaka amlinde yule yule aliyemkamata.

Na sehemu ya pili ya swali lake, juu ya nani atakayesimama naye, ni ngumu zaidi. Ofisa wa polisi anayetenda kazi yake kwa nia njema ana sheria na mwajiri nyuma yake. Mzee hana mwajiri. Akishitakiwa atatafuta wakili kwa fedha zake. Akitoa habari za muuza bangi, muuza bangi aweza kujua jina lake kabla ya jua kuzama, kwa sababu aliitaja habari hiyo mbele ya watu wengi. Mmoja wa wanachama wetu alihama nyumba aliyokaa kwa miaka 11 kwa sababu hiyo. Hatutaji mtaa wala kituo. Alikuwa ametimiza kazi aliyoombwa aifanye, na siku ya kuhama waliomsaidia kubeba vitanda ni wajumbe wawili wa chama hiki na mkokoteni wa kukodi.

Kamati ya utendaji ilikutana mara 3 juu ya jambo hili. Ilikubaliana kwamba chama hakitaunda kikundi cha doria, ijapokuwa vijana waliomba kwa moyo, na ijapokuwa kura zilikaribiana. Badala yake kila mzee wa nyumba kumi aliye mwanachama atapewa daftari moja, tochi moja, na karatasi yenye vifungu vya 34 na 35 kwa Kiswahili chepesi. Akimkamata mtu ataandika saa ya kumkamata, sababu aliyoiona kwa macho yake, majina ya mashahidi wawili, saa aliyopiga simu, na saa aliyomkabidhi, pamoja na namba ya kitabu cha O.B. aliyopewa kituoni. Asiende peke yake. Mashahidi hao wawili kazi yao ya kwanza ni kusimama kati ya mtu yule na umati. Gharama ya daftari na tochi imeonyeshwa katika hesabu, chini ya kichwa cha Matumizi Mengineyo. Kadhalika kamati inapendekeza pawe na mfuko mdogo wa wakili, wa kumsaidia mzee aliyeshitakiwa kwa kazi aliyoifanya ndani ya mpaka wake. Aliyeuvuka mpaka huo kwa kumpiga au kumfungia mtu hatasaidiwa na mfuko huu. Wajumbe wawili walipinga sentensi hiyo ya mwisho, na maneno yao yameandikwa katika kumbukumbu.

Tuliandika pia kwa ofisi inayohusika, tukiomba tuambiwe jina la cheo cha ofisa atakayepokea simu za wazee usiku, na muda ambao mzee atazamie kungoja. Barua ya kwanza ilipokewa na kupigwa muhuri. Ya pili tuliipeleka kwa mkono. Hadi kitabu hiki kilipopelekwa kupigwa chapa jibu lilikuwa halijafika, na pendekezo la mfuko wa wakili limewekwa namba 6 katika orodha ya shughuli za mkutano mkuu ujao, kabla ya chai.